Kigimbi cha Mfamasia

Asparuh Genov alikuwa na miaka arobaini na tisa, na tumbo ambalo mwenyewe alilieleza kama mgeni aliyekuja kusalimia akaishia kuhamia. Duka lake la dawa liko pale kwenye kona ya mtaa unaoshukia mtoni, hapa hapa mjini kwetu Samokov, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile ile akiwashauri watu wapunguze chumvi, waache sigara na watembee kila siku. Yeye alitembea kutoka kaunta hadi stoo, na kutoka stoo hadi kaunta. Jina lake ni la mfalme wa kale aliyevuka mto Danubi na jeshi la wapanda farasi, na tangu utotoni aliona wazi kwamba wazazi wake walikosea kipimo. Rafiki zake walimwita Paro, naye akashukuru kupunguziwa mzigo.

Mambo ya mbio yalianzia mezani. Ilikuwa Oktoba, wale waliomaliza shule pamoja walikutana kwa chakula cha mchana kuadhimisha miaka thelathini. Kulikuwa na viazi vya kuoka, kabichi ya siki, na rakia, pombe kali ya matunda, iliyopikwa nyumbani kwa mtu ambaye hakutaka kutajwa. Haralampi Toshkov, sajini mstaafu wa jeshi mwenye karakana ya matairi kule njia ya kutokea mjini, ndiye aliyekuwa bingwa wa mbio enzi zile, na kifua chake bado kilikuwa kama kabati. Katikati ya chakula akawakumbusha watu kuhusu mbio za kilomita tatu za mwaka wa mwisho, ambazo Paro alizimaliza akakuta mwalimu keshaondoka na saa yake.

Watu walicheka. Paro alicheka kuliko wote, maana ilikuwa kweli, tena Haralampi alikuwa amempunguzia: hata kamba ya kumalizia ilikuwa imeshakunjwa ikatiwa kwenye mfuko. Basi baada ya glasi ya tatu akasimama, akashika meza isiondoke, akatangaza kwamba Aprili atakimbia marathoni katika mji wa Plovdiv, kilomita arobaini na mbili, na mwalimu kama bado yu hai aje na saa. Haralampi akanyoosha mkono wake mnene akaushika wa Paro.

"Nami nakimbia," alisema. "Mtu lazima awepo wa kukuokota."

Asubuhi ya Jumatatu, mteja wa kwanza dukani alikuwa Bi Tsonka, mwenye miaka sabini na minne na magoti mawili mabovu. Kabla hata hajasema shida yake alimtazama Paro kutoka juu hadi kwenye kaunta, akamuuliza kama ni kweli. Paro alijaribu kusema kwamba ilikuwa maneno ya mezani. Bi Tsonka akasema amekwisha kumwombea kanisani, amewasha na mshumaa, kwa hiyo sasa si suala la kujadiliana tena.

Ndivyo alivyoanza. Siku ya kwanza alivaa nguo zote alizokuwa nazo: fulana mbili, sweta, koti la kuteleza thelujini, kofia, skafu na glavu za mkewe. Alirudi baada ya dakika kumi na tisa amebeba nusu ya nguo hizo mkononi kama mtu anayehama nyumba. Mkewe Zdravka, ambaye ni muuguzi wa mapokezi ya dharura hospitalini kwetu, alimpima mapigo ya moyo akiwa bado amesimama mlangoni, akamuuliza taratibu kama bima yake ya maisha imelipiwa.

Theluji ilianguka wiki ya pili ya Novemba, na ilipoanguka haikuondoka tena. Hapa kwetu hilo si habari, lakini kwa mtu aliyezoea kuitazama kupitia kioo cha duka, ilikuwa kama kukutana na jirani ambaye kumbe ni mkorofi. Asubuhi kabla ya kufungua duka Paro alikimbia kando ya mto Iskar, pumzi yake ikiganda kwenye nyusi. Ikifika nyuzi kumi chini ya sifuri, masharubu yake yaligeuka meupe, na wapita njia wakamsalimia kwa heshima wakidhani ni baba yake.

Na majeraha nayo yakaanza kuwasili, moja moja, kama wageni kwenye sherehe. Kwanza ukucha wa kidole gumba cha kushoto uligeuka mweusi. Kisha yakaja malengelenge kisiginoni. Kisha, baada ya mbio za kilomita kumi na nne akiwa na fulana mpya, aliingia nyumbani na madoa mawili ya damu kifuani, moja kila upande, na Zdravka alishtuka mpaka alipogundua kwamba ni chuchu tu zimechubuliwa na kitambaa. Paro, msomi wa chuo kikuu, alipitisha jioni ile akizibandika plasta za watoto zenye picha za dubu, kwa sababu za watu wazima zilikuwa zimekwisha dukani, na aliyezimaliza ni yeye.

Ubaya wa kuwa mfamasia ni kwamba mtu unajua kila kitu kuhusu maumivu isipokuwa namna ya kuyavumilia. Mteja akija na maumivu ya muundi, Paro humwambia apumzike wiki mbili, aweke barafu, arudi polepole. Muundi wake mwenyewe ulipoanza kuuma mwezi Desemba, alijipumzisha siku moja na nusu. Barafu hakuhitaji kuiweka, ilikuwa barabarani. Alijichua dawa ya pilipili, akasahau kunawa, akajisugua jicho, akahudumia wateja wa asubuhi nzima akitoa machozi, na mpaka saa sita mtaa wote ulishajua kwamba Zdravka amemkimbia.

Anguko lake kubwa lilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi, mbele ya kituo cha basi, saa ambayo wanawake wa kiwanda cha nyuzi wanasubiri gari. Alikuwa amewaona kutoka mbali, akanyoosha mgongo, akaingiza tumbo ndani, akaongeza mwendo. Ardhi ikamtoka. Alipita mbele yao akiwa amelala chali, miguu mbele, kwa mwendo mzuri kuliko wowote aliowahi kuufikia akiwa amesimama, akaja kusimamishwa na ndoo ya taka. Kifundo cha mkono kiliteguka. Mmoja wa wanawake wale alimuuliza kwa upole kama na mbio za Plovdiv ni za mtindo huo, kwa maana basi anaweza kushinda.

Paro aliisimulia hadithi hiyo mwenyewe, dukani, kwa kila aliyeuliza kuhusu bendeji ya mkono. Alikuwa amegundua mapema kwamba watu wakicheka pamoja nawe hawana nafasi ya kukucheka. Mpaka mwaka mpya ulipoingia, watu walikuwa wanapita dukani bila kuumwa kitu, kuuliza tu leo kimevunjika nini.

Januari, msimu wa kubadilisha matairi ulipopungua, Haralampi akaanza mazoezi. Akajiunga na Paro siku za Jumapili, kwa zile mbio ndefu za kwenda njia ya kijiji cha Dragushinovo na kurudi. Na hapo ndipo Paro alipoanza kukosa usingizi, kwa sababu kulikuwa na jambo analolijua.

Kila mwanzo wa mwezi, dakika tano kabla ya kufunga, duka likiwa tupu, Haralampi alikuwa akiingia na cheti cha daktari kilichokunjwa mara nne, akachukua boksi tatu za dawa za moyo, akazitumbukiza ndani ya koti bila kuzitazama. Miaka miwili nyuma aliwaambia watu anakwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Alikwenda Sofia, mji mkuu, wakamtia kibomba kidogo kwenye mshipa wa moyo uliokuwa umeziba. Waliojua ni mkewe Vaska, daktari wake, na mfamasia. Sajini hakutaka mtu mwingine ajue. Alikuwa mtu ambaye wanaume wa mji humwita gari likikwama.

Paro hakuruhusiwa kumwambia mtu, hata mkewe. Alijaribu kwa njia za pembeni. Alikimbia polepole, jambo ambalo halikumgharimu juhudi yoyote. Alisimama mara kwa mara kufunga kamba za viatu, mpaka Haralampi akamwambia anunue viatu vya kuvuta tu kama vya watoto. Alibuni maumivu: leo goti, kesho nyonga, keshokutwa kitu fulani nyuma ya paja. Kila alipoona sura ya mwenzake imeanza kuwa nyekundu kupita kiasi, yeye ndiye aliyelalamika, na Haralampi akalazimika kutembea naye huku akimsimanga. Tatizo ni kwamba baada ya majuma matatu Paro hakuweza tena kutofautisha maumivu aliyobuni na yale ya kweli. Nyonga ilikuwa ya uongo siku ya kwanza, lakini siku ya tatu ikaanza kuuma vizuri kabisa.

Mjini Haralampi akaeneza habari kwamba mfamasia ni wa kioo. Vaska, mwanamke mpole, alimtumia Paro chupa ya mafuta ya mbuzi ya kujichua.

Tarehe kumi Februari ni siku ya Mtakatifu Haralampi, siku ya asali. Kila mwenye jina hilo hufungua nyumba, na watu huenda bila kualikwa. Paro alikwenda na Zdravka adhuhuri, wakala mkate wenye asali iliyobarikiwa asubuhi ile kanisani. Yeye hana siku ya jina. Mfalme wake wa kale alikuwa mpagani, na hakuna mtakatifu wa kumtetea. Haralampi alikuwa na furaha, amenyoa, anamimina rakia kwa kila mtu, na kila baada ya muda alimwonyesha Paro kwa kidole akimsimulia kwa wageni.

Paro alimfuata ukumbini, penye makoti, akafunga mlango.

"Lampi, daktari anajua unakimbia?"

"Daktari aliniambia nifanye mazoezi."

"Alikwambia utembee."

"Wewe nikikimbia nawe, ni sawa na kutembea."

"Nenda wakupime tu. Wakisema sawa, nitakuwa wa kwanza kukufukuza barabarani. Nitakupeleka mwenyewe Sofia, hakuna atakayejua."

Haralampi aliacha kutabasamu. Akasogea, akashusha sauti, na Paro akanusa asali na rakia. Akamwambia kwamba ametumikia jeshi miaka ishirini na tano na hajawahi kubebwa. Kama neno moja kuhusu boksi zile litasikika nje ya kaunta, hatamsemesha tena maisha yake yote, na dawa atanunua mji mwingine au hatanunua kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha Paro. Akasema sawa. Wakarudi mezani, na Haralampi akatangaza kwamba Bwana Dawa alikuwa anaomba ruhusa ya kujitoa na yeye amemnyima.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ule kulikuwa na nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, jua kali, upepo kutoka mlimani unaokata masikio. Walikuwa wameshageuza, wamebakiza kama kilomita saba kufika mjini, mashamba ya viazi yamelala meupe pande zote mbili na hakuna nyumba. Haralampi alikuwa akizungumza njia nzima kuhusu mteja aliyemletea matairi ya kiangazi katikati ya Januari. Ghafla akanyamaza katikati ya neno. Paro alipogeuka, alimwona amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine anajisugua taya upande wa kushoto, kama mtu mwenye jino bovu. Uso haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa rangi ya majivu, na jasho linatoka kwenye paji la uso katika baridi ile.

"Kichomi," Haralampi alisema. "Nipe dakika, halafu nakuacha nyuma."

Paro alijua kile si kichomi. Alijua pia kwamba akitamka neno moyo, mtu huyu atakasirika na kuanza kukimbia hapo hapo ili kumthibitishia, na hatafika. Baadaye alipolisimulia jambo hili, hakuwahi kusema kwamba alifikiri. Alisema alifanya kitu pekee ambacho majira yote ya baridi alikuwa amekifanyia mazoezi.

Alipiga yowe, akashika kigimbi cha mguu wa kushoto, akajitupa kwenye theluji kando ya barabara.

Bahati mbaya chini ya theluji kulikuwa na jiwe la kuonyesha mpaka wa shamba. Alilikalia kwa uzito wake wote. Yowe la pili halikuwa la kuigiza hata kidogo.

"Umechanika?" Haralampi akauliza, na hata katika hali ile sauti yake ilikuwa na raha kidogo.

"Kigimbi. Kimekatika kabisa. Kaa chini, Lampi, nishikilie mguu, usiniache."

Haralampi akakaa. Hilo ndilo lililokuwa la maana, akae. Paro akamlazia mguu wake mapajani ili asiweze kunyanyuka, akatoa mfukoni karatasi ya aspirini aliyokuwa akiitembeza tangu Januari.

"Tutafune hii. Ni kwa ajili ya misuli kwenye baridi. Wewe pia, usije ukakatika na wewe, nani atanibeba."

"Mimi sina kitu."

"Tafuna, bwana, naumwa, usinibishie."

Wakatafuna wote wawili, wamekaa kwenye theluji, nyuso zimekunjamana kwa uchungu wa kidonge. Paro akatoa simu, vidole vimekufa ganzi, akamwandikia Zdravka aliyekuwa zamu hospitalini: Si mimi. Ni Haralampi, moyo, ana kibomba, hajui kwamba najua ni moyo. Tunakuja. Kisha akapiga namba ya dharura na kuulilia mguu wake kwa sauti kubwa kiasi kwamba yule wa upande wa pili alimuuliza mara mbili kama hakuna mtu mwingine karibu ambaye anaweza kuongea.

Kabla gari la wagonjwa halijatoka mjini, likaja gari la mikate la Mincho, anayesambaza vijijini hata Jumapili. Mincho alimbeba Paro kama gunia. Haralampi alitaka kusaidia kubeba, Paro akazidi kupiga kelele kwamba hataki kuguswa na mtu mwingine, na kwamba Lampi aingie tu mbele akae na heater, aongoze. Akaingia. Njia nzima Paro, amelala kifudifudi nyuma kati ya trei za mikate ya moto, alimwuliza maswali kila nusu dakika ili asikie kama bado anajibu. Haralampi akamwambia Mincho kwamba hajapata kuona mwanamume anayehangaika hivi kwa ajili ya kigimbi.

Pale mlangoni mwa hospitali Zdravka alikuwa tayari na viti viwili vya magurudumu. Alimpita mumewe, aliyeshuka akichechemea, bila kumtazama.

"Sajini, wewe ndiye umemleta?" alimwuliza Haralampi. "Keti hapa. Kila anayeleta majeruhi kwenye baridi hii tunampima presha, ndio utaratibu wetu wa majira haya."

Utaratibu huo haukuwapo kabla ya dakika ile na haujakuwapo tena. Haralampi akaketi. Wakampima presha, wakampima na umeme wa moyo, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuigiza. Ilipofika saa nane mchana alikuwa ndani ya gari la wagonjwa kuelekea Sofia, na jioni yake walikuwa wameshamfungulia mshipa wa pili, uliokuwa umebaki kama uzi. Daktari alimwambia Vaska kwamba kama angelikimbia zile kilomita saba, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Paro naye alipigwa picha. Kigimbi kilikuwa kizima kama cha mtoto. Kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo unaokaliwa na watu wote wenye akili kwa uangalifu, kilikuwa na ufa. Daktari aliandika wiki tatu bila kukimbia na mto wenye tundu katikati. Zdravka alimletea mto huo mwenyewe. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu, halafu akamwambia kwamba ndiye mwigizaji mbaya kuliko wote aliowahi kuona, na ndiye mumewe.

Mjini habari ilienea hivi: mfamasia alianguka akalia kwa sababu ya kigimbi, Sajini akamwokoa, na Sajini alipofika naye hospitalini wakagundua kwa bahati kwamba na yeye ana tatizo dogo. Kwa hiyo watu walimsifu Haralampi kwa moyo wake, ingawa ndio uliokuwa mbovu, na Paro wakamletea kila aina ya dawa ya kigimbi. Alihudumia wateja wiki tatu nzima amesimama, kwa kuwa kukaa hakuwezekani, na kila alipoulizwa alisema mguu unaendelea vizuri. Bi Tsonka akamwambia asijali, kila mtu ana kiwango chake cha kuvumilia, na kwamba yeye alijifungua watoto wanne bila kupiga kelele za namna ile. Mincho alikuwa amesimulia kelele hizo mtaa kwa mtaa, kila mahali anaposhusha mikate.

Paro hakujitetea. Si kwamba hakutamani. Kuna siku alifungua mdomo kabisa mbele ya wale wanawake wa kiwanda cha nyuzi, halafu akaufunga na kuwauzia shira ya kikohozi. Kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya kazi, lakini hakuna aliyemwambia chuoni kwamba siri nyingine mtu huzitunza kwa kuikalia sehemu iliyovunjika.

Haralampi alirudi kutoka Sofia siku za mwanzo wa Machi, wakati wote tumeshafunga mikononi zile nyuzi nyekundu na nyeupe ambazo hapa kwetu watu hufungana kila Machi kuombeana afya. Alikuja dukani saa nne asubuhi, duka likiwa na foleni. Alikuwa amepungua, na koti lilimning'inia. Akasimama kwenye mstari kama watu wengine. Zamu yake ilipofika, akafungua cheti chake, akakilaza juu ya kaunta mbele ya watu wote.

"Nipe za moyo," alisema, kwa sauti ya kawaida. "Zimekuwa nne sasa."

Nyuma yake foleni ilisogea karibu. Paro akamletea boksi nne. Haralampi akazipanga moja juu ya nyingine, bila haraka.

"Tulipofika hospitali," akasema, "ulikuwa unachechemea mguu wa kulia. Ulipoanguka ulishika wa kushoto."

Paro alihisi masikio yanamwaka moto. Akasema kwamba maumivu wakati mwingine huhama.

"Yanahama," Haralampi akakubali. Alitoa mfukoni uzi mwekundu na mweupe, akamwambia anyooshe mkono, akaufunga kwenye kifundo kile kilichowahi kuteguka, mafundo matatu, kama mtu anayefunga mzigo kwenye lori. Kisha akawageukia wale waliokuwa kwenye foleni na kuwaambia kwamba atakayemcheka tena mtu huyu kwa habari ya kigimbi, ajue tairi zake atabadilisha mwenyewe. Akatoka. Bi Tsonka, aliyekuwa wa tatu, ndiye aliyeuliza kwanza. Alitaka kujua basi ni nini hasa kilichokuwa kimevunjika. Paro akamwambia. Duka zima likacheka upya, lakini safari hii aliweza kucheka akiwa ameegemea kaunta bila kuona haya.

Plovdiv alikwenda. Alikuwa amefanya mazoezi mafupi majuma matano tu baada ya mfupa kupona, ukucha wa pili ulikuwa unalegea, na kitu kilichokuwa nyuma ya paja, kile alichokibuni mwenyewe mwezi Januari, kilikuwa kimeamua kukaa moja kwa moja. Majira yote ya baridi alijifunza kukimbia kwenye nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Siku ya marathoni kulikuwa na nyuzi ishirini na saba juu yake. Kufika kilomita ya kumi na nane alikuwa ameungua shingo na pua. Kilomita ya ishirini na tano alipitwa na mwanamume aliyevaa kama nyanya, na ya ishirini na nane na bibi wa miaka sabini na sita aliyemuuliza kama anahitaji aitiwe mtu.

Kwenye kilomita ya thelathini na tano, kando ya mto, walikuwa wamesimama Zdravka, Vaska na Haralampi. Zdravka alimpa maji na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, akamshika mkono kidogo kupima mapigo, akamwachia. Haralampi akatoka kivulini, akaanza kwenda naye bega kwa bega.

"Rudi kivulini," Paro alimwambia. "Umekatazwa."

"Nimeruhusiwa kutembea. Natembea."

"Mimi nakimbia."

"Naona."

Wakaenda hivyo mita mia kadhaa, mmoja anatembea na mwingine anakimbia, na hakuna aliyemwacha mwenzake. Haralampi alimsimulia kuhusu mteja mmoja aliyekuja na tairi lililotobolewa na uma wa kulia chakula. Paro hakuwa na pumzi ya kujibu, lakini alisikiliza hadithi yote. Penye daraja Haralampi akasimama, akamsukuma mgongoni kwa kiganja, polepole, juu kidogo ya pale palipokuwa na ufa.

Alimaliza kwa saa tano, dakika thelathini na moja. Watu wa kupokea wakimbiaji walikuwa bado wapo, nusu ya viti vimeshapakiwa garini, na msichana mmoja alimvisha medali huku akiangalia kwa wasiwasi damu kwenye fulana, maana dubu wawili walikuwa wamebanduka mahali fulani kwenye kilomita ya thelathini. Paro alitaka kumweleza, akashindwa kupata pa kuanzia. Alivua viatu, akaketi kwenye nyasi kwa upande mmoja, na Zdravka akaja akapiga magoti mbele yake, akaanza kuhesabu kucha zilizobaki.